Jibini Haitupwi Bila Kuuliza

Jibini ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilikuja mwezi wa Rajabu ndani ya sanduku la zawadi alilopewa Humam wizarani, pamoja na biskuti, asali na chokoleti. Imefungwa karatasi ya fedha, na ukiikata unaona mishipa ya buluu imepita ndani kwa ndani. Mama yake, Bi Mahfoudha, aliifungua, akainusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Astaghfirullah! Hii imekufa zamani. Kirabo! Itupe hii, na uifunge mfuko kwanza isije ikaninukishia friji zima."

Kirabo alikuwa msichana wa Kiganda, na nyumba ile ya Mabela, Maskati, alikuwa na mwezi mmoja tu. Aliambiwa tupa, akatupa. Akarudi akafuta rafu kwa maji ya limau bila kuambiwa, Bi Mahfoudha akamsifu.

Jioni Ghaliya, mkewe Humam, akarudi kutoka benki na wanawake watatu wa kazini kwake. Njia nzima kwenye gari alikuwa akiwasimulia jibini. Akafungua friji, akasogeza mitungi, akainama, akainuka.

"Jibini yangu iko wapi?"

Kirabo alikuwa kwenye sinki na Bi Mahfoudha alikuwa mezani anachambua mchele. Msichana akamtazama mama, mama akatazama mchele.

"Nilitupa, madam. Ilikuwa na ukungu."

"Ukungu?" Ghaliya akacheka kwanza, maana wageni wapo mlangoni, kisha kicheko kikamkauka. "Ile jibini ya Kifaransa, Kirabo! Ukungu ule ndio jibini yenyewe. Watu wanainunua kwa sababu ya huo ukungu. Kwani kwenu hamna jibini?"

"Hapana, madam. Iko kidogo."

Wageni nao wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka wakiwa kwenye nyumba ya mtu. Bi Mahfoudha angeweza kusema, "Nilimwambia mie." Maneno mawili, yangekwisha pale pale. Lakini wale wanawake walikuwa na mikoba mizuri na Kiingereza kingi, na yeye hakutaka kuwa yule mama mkwe wa zamani asiyejua vitu. Basi akanyamaza. Na wageni walipoondoka, ili asionekane kuwa upande wa msichana, akaongeza na lake.

"Umesikia, Kirabo? Jibini haitupwi jikoni humu bila kuuliza."

"Sawa, Mama. Nitauliza."

Na kusema kweli, aliuliza.

Bi Mahfoudha ana mwendo wake wa sambusa za jibini, na hajamfundisha mtu wote. Hununua mabonge makubwa ya jibini nyeupe, akamwaga maji yake ya chumvi, akayafunga kwa kitambaa cha melimeli na kuyaacha kwenye friji la stoo yakauke. Jibini ikiwa na maji, manda za kufungia hupasuka ndani ya mafuta, na sambusa iliyopasuka hapeleki kwa mtu, hata awe nani. Siku chache zinatosha. Mwaka huu kukaingia harusi ya watu wa Matrah, baada ya harusi kukaingia mafua, na mabonge yakakaa kule stoo mpaka Shaabani inakaribia kwisha. Na lile friji la stoo mlango wake haubani. Humam kila Ijumaa anasema ataita fundi.

Siku ya kukunja ilipofika nyumba nzima ilinuka unga na kotmiri. Ndiyo kawaida yao watu wa Unguja waliokaa Maskati, na majirani zao wameshaizoea kuliko wao: sambusa za Ramadhani hukunjwa Shaabani, mamia kwa mamia, zikagandishwa kwenye trei, kisha zikatiwa mifuko na kugawiwa. Nyumba ya Bi Mahfoudha huwagawia watu wa Mabela, wa Matrah, mpaka Qantab kwa dada wa marehemu mumewe. Watu huzingoja. Wapo ambao hawanunui sambusa kabisa kwa sababu wanajua za Bi Mahfoudha zinakuja.

Yeye mwenyewe alikaa sebuleni, goti lake baya limenyooshwa juu ya mto, anabandua manda moja moja. Mikono ina unga, kwa hiyo simu ameilaza kwenye kochi na sauti ameipandisha mpaka mwisho. Alikuwa akizungumza na Bi Nasriya, shoga yake wa tangu utotoni, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Bi Nasriya ana maradhi ya ini. Miaka yote hii madaktari wanamkataza hiki na kile, naye anawatii katika kila kitu isipokuwa chakula cha Mahfoudha.

Kirabo akasimama mlangoni, ameshika bonge moja kwa kitambaa chake.

"Mama, hii jibini imeota ukungu. Ya kijani. Nitupe ama niache?"

Bi Mahfoudha hakuinua kichwa. Lilimjia lile sanduku la zawadi, na kicheko cha wale wanawake wa benki. Tangu siku ile mambo ya jibini yalikuwa yamemtoka mkononi. Iliyooza kumbe ndiyo ghali. Nani anajua na hii nayo ikoje?

"Iwache, ndivyo inavyokuwa," alisema. "Ikwangue hapo juu, uikune, utie kotmiri nyingi."

"Hata ndani iko, Mama."

"Kirabo, nnazungumza."

Kwenye kochi simu ikasema, "Msikilize mtoto wa watu, Mahfoudha. Ntakupigia baadaye."

"Aa, endelea bwana. Enhe, na huyo mkweo kasemaje?"

Kirabo akarudi jikoni. Akakwangua, akakuna. Ndani ya bonge moja mlikuwa na rangi ya kijani imesambaa mpaka katikati, akaitazama kwa muda, kisha akaikuna na hiyo. Akatia kotmiri, akatia pilipili boga, vyote vya kijani, na ikawa huwezi tena kujua kijani kipi ni cha nini. Bonge la mwisho halikuhitajika, akalirudisha stoo. Adhuhuri ilipoingia walikuwa watu watatu wamekaa wanakunja, Ghaliya naye amejiunga kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na walicheka sana siku ile. Kirabo alikuwa na mkono mwepesi. Bi Mahfoudha alimwambia wewe ungezaliwa Unguja ungeolewa mapema, na Kirabo akamwambia hapana Mama, mimi kwanza nafungua saluni yangu Masaka, ndiyo mengine yaje. Jina la saluni alikuwa ameshalichagua. Hakuwaambia, aliona haya.

Trei ya kwanza, kama kila mwaka, ikaenda kwa Bi Nasriya, awe wa kuonja.

Rawya, binti yake Bi Nasriya, alikuja siku ya nne baada ya Alasiri. Hakukaa. Alisimama ukumbini na abaya lake na mkoba begani, mtu aliyetoka hospitali na anayerudi hospitali.

"Bi Mahfoudha, sikuja kugombana," alisema.

"Kugombana kwa nini tena, mwanangu? Mama yako ana nini?"

"Tangu juzi anatapika. Macho yamekuwa ya manjano kabisa. Wamemlaza. Daktari kauliza kala nini. Kauliza njugu zilizokaa, mkate uliokaa, jibini. Anasema ukungu mwengine una sumu. Mtu mzima wa afya pengine haumwi kitu, au anaumwa tumbo siku moja akasahau. Lakini ini la mama halina nguvu ya kupambana na kitu. Na mama siku hizi hali chakula, uji tu na sambusa zako. Nimekuja kuuliza tu, jibini ile ilikuwa nzima?"

Ghaliya alikuwa ametoka chumbani na kanga kichwani. Ndiye aliyekwenda stoo. Akarudi na lile bonge lililobaki, akaliweka juu ya meza ya ukumbini na kufungua kitambaa. Lilikuwa limeota manyoya ya kijani na meusi. Akaenda jikoni akaja na kisu, akalipasua, na ndani ni vile vile.

Kiyoyozi kilikuwa kikilia na maji yake yanadondoka kwenye ndoo.

"Lakini zinakaangwa," alisema Bi Mahfoudha. "Mafuta ya moto yale."

"Nilimuuliza. Anasema moto unaua ukungu, sumu yenyewe hauiui. Hata ukikwangua, unachokwangua ni ile unayoiona." Rawya akaifunga jibini ile kwenye mfuko wa nailoni. "Naichukua, wameitaka. Hawana hakika kama ndiyo, Bi Mahfoudha. Wanasema inawezekana."

Alipoondoka, Ghaliya aliita, "Kirabo!" kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia bado.

Kirabo akaja na mikono mibichi. Aliona kitambaa juu ya meza, akajua.

"Wewe hukuona ukungu ulipokuwa unakuna?"

"Niliona, madam."

"Uliona! Uliona, na ukatia?"

"Niliuliza kwanza. Nyinyi mlisema jibini haitupwi bila kuuliza, so niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

Kirabo hakumnyooshea mtu kidole. Aligeuza tu macho. Bi Mahfoudha alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, mkono juu ya goti lake baya, na alisikia kitu kimoja tu, kwamba ndani yake hamna kitu. Alijitafuta hasira, hofu, haya, hakupata hata kimoja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alijua jibu. Lilikuwa pale pale mdomoni.

"Sikumbuki," alisema.

"Mama," alisema Kirabo. "Ulikuwa unaongea na simu."

"Sikumbuki, mwanangu. Nna mambo mengi mie."

Ghaliya akashusha pumzi. Kwake mambo yalikuwa yameshapata mahali pa kukaa.

Humam aliporudi kutoka kazini walikaa watatu, mlango wa sebule umefungwa. Shida haikuwa tena Bi Nasriya, yeye alikuwa mikononi mwa Mungu na madaktari. Shida ilikuwa mifuko. Mifuko ile ilikuwa kwenye mafriza ya watu, nyumba baada ya nyumba, na Ramadhani ilikuwa imebaki wiki. Jua la siku ya kwanza likizama tu, kila nyumba ingetia mafuta kwenye karai.

"Tunyamaze," alisema Humam. Si mtu mbaya, Humam. Ni mtu anayependa mambo yapite. "Watu wanakula ukungu kila siku hawajui. Daktari mwenyewe hana hakika."

"Na mjukuu wa Sayyida wa Matrah je, yule mdogo?" Ghaliya akamuuliza. "Na mume wa shangazi yako wa Qantab, anayesafishwa damu? Ukisikia kesho mmoja wao amelazwa utalala wewe?"

"Basi tuseme umeme ulikatika. Friza likazima."

"Umeme ukatike kwetu peke yetu Mabela nzima? Zilipoondoka hapa si zilikuwa zimeganda?" Ghaliya alitikisa kichwa. "Hapana. Watu lazima wazitupe, na watazitupa kama watajua ni jibini. Hiyo ya umeme watasema aa, zitafaa tu. Lazima tuseme ni jibini. Tuseme msichana aliiona imeharibika akatia hivyo hivyo. Kwani uongo? Si aliiona?"

Humam akamtazama mama yake. "Mama?"

"Ntapiga mie," alisema Bi Mahfoudha. "Zimetoka mkononi mwangu."

Hilo alilisema vizuri, na wote wawili walimheshimu kwa hilo.

Alianza na Sayyida wa Matrah, kwa sababu Sayyida ndiye mwenye mdomo, na akijua yeye nusu ya kazi imekwisha. Aliketi pale pale kwenye kochi, goti juu ya mto. Simu ya kwanza ilimpa tabu. Alizunguka, akauliza wajukuu, akauliza sukari, mpaka Sayyida mwenyewe akamwambia, "Mahfoudha, sema, unanitisha."

"Zile sambusa, shoga yangu. Usizile. Zitupe."

"Yallah! Kuna nini?"

"Jibini ilikuwa na ukungu. Msichana… msichana wa jikoni kakosea."

Alidhani atasikia kimya. Alidhani Sayyida atasema, na wewe ulikuwa wapi? Watu wamekula mkononi mwako maisha yako yote, ulikuwa wapi? Badala yake sauti ya Sayyida ikalainika kama mtu aliyesikia msiba.

"Masikini, Mahfoudha wee. Hawa wasichana! Pole. Pole sana. Unafanya lako zuri, wao wanakutilia uchafu. Nazitupa sasa hivi, wala usijali, shoga. Wewe pole tu."

Simu ikakatika. Bi Mahfoudha akaitazama. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu, mtu wa upande wa pili alimtolea mkasa wa msichana wake mwenyewe aliyeosha kuku kwa sabuni, wakacheka kidogo. Kadiri alivyopiga, maneno yalijipanga yenyewe. Msichana kakosea ikawa msichana kaiona na hakusema. Hakusema ikawa kaficha. Kwa wifi yake wa Qantab, aliyekuwa mzito wa masikio na ikabidi amwambie kwa kupiga kelele, ilikuwa, "Kafichaaa! Kaificha kwenye kotmiri, makusudi!" Na wifi akapiga kelele kutoka kule, "Mrudishe! Atakuuweni!"

Kila aliyempigia alizitupa. Tuseme ukweli wa mambo, hakuna sambusa hata moja iliyoliwa kati ya zile zilizobaki, na kama kuna mtoto au mgonjwa aliyenusurika, alinusurika kwa simu zile. Bi Mahfoudha alifanya kazi ile barabara, hakuruka nyumba.

Kirabo alikuwa jikoni, anatoa trei za friza la nyumbani na kuzimimina kwenye mifuko mieusi ya taka. Mlango ulikuwa wazi. Kiswahili anakijua. Sambusa zilizoganda zikianguka zinalia kama mawe, na kila simu ilipopigwa alisimamisha mikono mpaka iishe, kisha akaendelea. Friza lilipobaki tupu alilizima, akaliosha kwa siki, akalifuta, akaliacha mlango wazi likauke.

Siku ya pili asubuhi Humam alimwambia atie nguo zake kwenye begi. Alimwambia kwa adabu, anatazama funguo za gari.

Kurudishwa maktab ni jambo la kawaida hapa. Miezi ya kwanza ukimchoka msichana unamrudisha ofisi iliyokupa, wanakubadilishia, kama ulivyobadilisha kiatu kilichokubana. Lakini Kirabo alikuwa ameshawahi kurudishwa mara moja. Nyumba ya kwanza bibi alikufa na watoto wakagawana vitu, yeye hakuwa na wa kumchukua. Maktab walimwambia wazi wazi: mara ya pili hatukutafutii nyumba, tunakukatia tiketi. Hayo alikuwa amewahi kumsimulia Bi Mahfoudha mwenyewe, wanachambua mchele, na Bi Mahfoudha alimwambia usiogope, hapa umefika.

Sasa alisimama mbele yake na begi moja na mfuko wa plastiki.

"Mama, mwambie boss. Neno moja tu. Watanipandisha ndege."

Bi Mahfoudha alikuwa amemtayarishia pakiti ya tende na kanga mpya. Akamnyooshea.

"Chukua hizi, mwanangu. Mungu atakufungulia."

"Mama, mimi nilikuuliza."

Humam alikuwa nje ameshawasha gari. Bi Mahfoudha alisikia injini, akasikia na yale maneno, yote kwa mbali, kama yanasemwa nyumba ya jirani. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka na ile kanga. Kirabo akaipokea, kwa sababu alilelewa kupokea kwa mikono miwili anachopewa na mkubwa, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo kwao, akatoka. Tende alizisahau kwenye meza ya ukumbini.

Bi Nasriya hakufa. Siku mbili baadaye Rawya alituma salamu kwamba anakunywa maji yanakaa, na kwamba anamtaka Mahfoudha. Humam akampeleka hospitali akamwacha mlangoni, yeye akaenda kutafuta pa kuegesha gari.

Bi Nasriya alikuwa amekuwa mdogo kitandani. Rangi yake ilikuwa ya manjano mpaka kwenye viganja, lakini macho yalikuwa yale yale. Bi Mahfoudha akambusu mkono, akakaa, akaanza kulia, na alishangaa kwa sababu tangu mambo haya yaanze hakuwa ametoa chozi.

"Nisamehe, Nasriya. Nimekulisha sumu."

"Umenilisha nilichotaka kula. Nyamaza." Bi Nasriya alipumua kidogo, kila sentensi ilikuwa na bei yake. "Rawya kanambia umemrudisha yule mtoto."

"Nshamrudisha. Ndiye aliyeiona na—"

"Mahfoudha."

"Naam."

"Mie nilikuwa kwenye simu."

Nesi akaingia, akatazama mashine, akaandika, akatoka. Bi Mahfoudha aliyatazama maji ya dripu yanavyoshuka tone kwa tone. Machozi yalikuwa yamekatika.

"Nilimsikia anakuuliza," alisema Bi Nasriya. "Nikasikia na ulivyomjibu. Na nikala, kwa sababu ni wewe uliyesema ndivyo inavyokuwa. Mie nawe tusilaumiane, sisi wazee wajinga. Lakini yule hana mtu. Bado yuko maktab?"

"Humam anasema tiketi ni Jumapili."

"Basi kuna siku. Mwambie mwanao."

Alimwambia garini. Alimwambia yote, kuanzia sanduku la zawadi, na Humam aliendesha mpaka wakapita mzunguko wa kuingilia Mabela. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu.

"Mama, maktab si tabu," alisema mwisho. "Naweza kwenda kesho nikamchukua. Lakini umezipigia nyumba zote hizo. Umesema kaficha makusudi. Nikimrudisha, watu wakija futari wakamkuta jikoni kwetu anawamiminia chai, watainywa? Na Ghaliya je, ataweka wapi uso wake? Kama unamtaka, lazima uwapigie tena. Uwaambie ni wewe. Ukishawapigia, nambie, nitakwenda."

Si mtu mbaya, Humam. Na hapo alikuwa amesema kweli.

Bi Mahfoudha akaingia ndani, akavua abaya, akakaa kwenye kochi lake. Nyumba ilikuwa kimya. Meza ilikuwa na manda mpya alizonunua Ghaliya dukani, zimefungwa, kwa sababu Ramadhani haingoji mtu na lazima zikunjwe nyengine, za nyama safari hii. Jikoni friza bado lilikuwa wazi vile lilivyoachwa likauke, hakuna aliyekumbuka kulifunga.

Akaanza tena na Sayyida wa Matrah. Akijua Sayyida, nusu ya kazi imekwisha.

"Sayyida, mie tena."

"Ahlan, shoga! Zile nshazitupa zote, mpaka trei nimetupa. Wewe usijali kabisa. Nasriya hajambo?"

"Hajambo. Si habari ya sambusa. Ni yule msichana."

"Hujamrudisha?"

"Nshamrudisha. Lakini, Sayyida—"

"Afadhali! Wallahi afadhali. Nilikuwa nnasema hapa na wanangu, Mahfoudha ana moyo mwepesi huyu, atamwonea huruma. Wala usimwonee. Angewaua watu na jina lako lingeharibika, jina la miaka yote hiyo. Watu wote wanakuombea, nnakwambia, kila ninayezungumza naye anasema masikini Bi Mahfoudha, na alivyo msafi."

Bi Mahfoudha alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lile lile la siku zote, dogo. Nilimwambia mie. Alilisikia lilivyo zito, akangoja lisogee. Halikusogea, na yeye hakulisukuma.

"Upo?" aliuliza Sayyida.

"Nipo."

"Basi sikiliza. Ramadhani isikukute huna sambusa peke yako na goti lako hilo. Kesho nakuletea wangu mie akusaidie kukunja, mkae naye kutwa. Msichana mzuri mno huyu, utampenda. Unamwambia fanya hivi, anafanya. Hana maswali."

"Ahsante, shoga yangu," alisema Bi Mahfoudha. "Mlete mapema."